Kanda za babu: nizipeleke makumbusho au nizihifadhi nyumbani?

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri.

Babu alifanya kazi reli na kuishi Muthurwa. Alipostaafu alizunguka na redio kaseti akiwarekodi wazee wenzake: maisha ya landhi (zile nyumba za wafanyakazi wa reli), na hadithi walizoachiwa na baba zao kuhusu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, bado ni tambarare ya maji baridi ya Wamaasai. Ameniachia kanda 23. Mbili zimeota ukungu na sithubutu kuzicheza, maana utepe ukikatika, sauti ya mzee imekwenda.

Nafikiria Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, kwa kuwa hadithi zenyewe ni za huko. Shangazi hataki. Kuna mahali tulipeleka picha zamani bila kuandikishana, hatukuziona tena. Namwelewa.

Je, nitoe kanda zenyewe au nakala tu? Mkataba wa kukabidhi uandikwe vipi ili familia ibaki na haki ya kuzisikiliza? Na wale wazee wengi wameshafariki; ruhusa niombe kwa watoto wao? Aliyewahi kusafisha kanda zenye ukungu hapa Nairobi, tafadhali anielekeze. Hilo ndilo la haraka zaidi.