Mfano wa Shinden unaokalia mkia

Muulizaji, Malindi:
Assalamu alaykum. Ninaunganisha mfano wa plastiki wa Kyushu J7W1 Shinden, ndege ya majaribio ya Japani iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1945, na kwa kuwa injini yake na rafadha yenye mapanga sita viko nyuma, kila nikiuweka juu ya magurudumu pua huinuka. Nifanyeje?

Fundi, Chake Chake:
Waalaykumu ssalaam. Tia chubwi za wavuvi, vile vizito vya mshipi, ndani ya pua kabla hujagandisha kiwiliwili, kisha ujaribu mizani kwa kukifunga kwa utepe tu.

Mzee, Mkoani:
Rangi usiipulize siku za mvua za masika, mwanangu, kwani unyevu huitia ukungu mweupe.

Muulizaji:
Ahsante wazee wangu. Pua nimeshaigandisha, kwa pupa yangu, ila tundu la gurudumu la mbele lingali wazi. Nitazipitisha chubwi ndogo humo.