Nimebeba mizigo ya watu hadi Barafu mara 11, sasa najiuliza naishi kwa ajili ya nini. Naombeni ushauri

KijanaWaUru:
Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 26, naishi Uru, Moshi. Nilimaliza chuo, nikazungusha maombi ya kazi mpaka nikachoka, mwisho binamu yangu akanipeleka lango la Machame, Mlima Kilimanjaro, nikaanza kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya watalii. Kwa msioijua: mzigo unapimwa kwenye mizani pale langoni, kilo 20 ukiacha begi lako mwenyewe, halafu unawatangulia wageni ili wakifika kambini wakute hema limesimama na maji ya chai yanachemka. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600 na haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga; tunayachota pale kwenye madumu na kupanda nayo. Usiku wa manane wageni na waongozaji wanaondoka kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sisi tunabaki. Barafu nimefika mara 11, Uhuru sijawahi kukanyaga.

Mwezi wa pili mgeni mmoja, mama wa makamo, alirudi kutoka kileleni asubuhi, akakaa kwenye jiwe analia, akamwambia mwongozaji kwamba sasa ameijua maana ya maisha yake. Mimi nilikuwa nimesimama namkabidhi kikombe cha chai. Ilipikwa kwa maji niliyobeba jana yake, shingo ilikuwa bado inauma. Sikumwonea wivu wala sikukasirika. Nilibaki najiuliza: yeye ameipata kwa usiku mmoja, mimi ninayepanda kila mara mbona hata sijui naitafuta wapi?

Mwezi wa nne babu akafariki. Tulimzika kihambani, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Tangu nipate akili nilikuwa namwona babu akizibua mfongo wetu, yaani mfereji wa maji ya shambani. Masika yakipita unajaa tope, naye anashuka na chepe lake. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Wiki mbili baada ya mazishi nilipita pale, mfongo umejaa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuugusa.

Hapo ndipo nikaanza kusoma falsafa kwenye simu, usiku. Nikakutana na Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria, ambaye mwaka 1942 alitoa kitabu kuhusu Sisyphus, yule mtu wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa na miungu asukume jiwe hadi juu ya mlima. Likifika linabingirika chini, anaanza upya, milele. Wakuu, niliweka simu chini. Niliona ni mimi yule. Niliona ni babu. Camus anamalizia kwa kusema inatupasa tumwone Sisyphus kuwa ana furaha. Nimejaribu, nimeshindwa.

Sasa hivi kazini nipo nipo tu. Jumuiya nimeacha kwenda. Mama akinikuta na simu saa nane usiku anasema nitachanganyikiwa, nikijaribu kumweleza analia, anaona nimemwacha Mungu. Sijamwacha, nina maswali tu. Nafikiria niache mlima, nitafute mkopo nikasome falsafa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nifanyeje? Na kwa mama naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Mpishi_wa_Shira:
Dogo, mimi ni mpishi mlimani, huu mwaka wa 14. Ukishatoka lango la Mweka, tunakoshukia, usiamue jambo lolote kabla hujalala siku mbili. Nimeona vijana wanaacha kazi, wanaachana na wachumba, yote ndani ya siku mbili hizo, kisha wanajuta. Kunywa mtori, lala, ndiyo ufikiri.

Chekereni_Moja:
Fuatilia mafunzo na leseni ya kuongoza wageni. Shule unayo, Kiingereza unacho. Mfuko ukikaa vizuri baadhi ya maswali hupungua makali, nakwambia jambo nililolipitia.

Nesi_Njiro:
Mdogo wangu, pole sana kwa kuondokewa na babu. Kabla ya falsafa naomba unijibu: unalala saa ngapi kwa usiku? Chakula kinapita? Kuna siku unaona afadhali usingeamka? Kama hilo la mwisho ni ndiyo, hata mara moja tu, usingoje, nenda hospitali ya KCMC ukaonane na watu wa afya ya akili, na leo hii mwambie mtu mmoja hapo nyumbani. Msiba ambao hujaulia vizuri unaweza kuja kama maswali makubwa ya maisha, na wewe ukadhani unasumbuliwa na vitabu.

MamaKibosho:
Mwanangu, mimi ni rika la mama yako, nafikiri naielewa hofu yake. Nyumba imetoka kuzika, halafu anaona mtoto naye anapotea huku amekaa mbele yake. Usimpelekee huyo Camus. Mwombe akusomee Mhubiri, sura ya kwanza. "Ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili." Maswali yako yamo humo, tena yameulizwa kwa ukali kuliko unavyouliza wewe, na hakuna aliyeyatoa kwenye Biblia. Ongea naye mchana, jikoni, mikono yenu ikiwa na kazi. Usiku na simu mkononi hakuna mama atakayekusikiliza.

Mwl_Mstaafu_Arusha:
Kijana, nimefundisha miaka 31 na swali kama lako nimelipata mara chache, nalo linanigusa kwa sababu nililikwepa nilipokuwa na umri wako.

Ni kweli Camus hakuwahi kubeba dumu hadi Barafu. Lakini itazame tena ile adhabu. Watu wengi huona uzito wa jiwe na kule kurudia rudia. Mimi naona ukatili wake ni kwamba lile jiwe halimfikii mtu yeyote. Hakuna anayelingoja juu, hakuna anayelala na kiu likichelewa, wala Sisyphus hana mwenzake wa kumpokea mzigo njiani. Sasa chukua mfongo wa babu. Unajua maji yakitoka kwenu yanakwenda wapi? Kuna kaya ngapi chini yenu? Yeye naye aliukuta mfongo, ulichimbwa na watu ambao hakuwaona. Tope lilirudi kila mwaka, sawa, lakini kila mwaka ndizi za mtu fulani zilipata maji.

John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, aliandika mwaka 1969: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Usiimeze hivi hivi. Mimi binafsi naona ina shimo, maana wengi wamekandamizwa kwa jina la hiyo "tupo", hasa wanawake na vijana. Lakini Camus alianza na mtu mmoja peke yake mlimani, na ukianzia hapo ni vigumu kumpata mtu wa pili baadaye.

Kuhusu chuo: ndiyo, Dar es Salaam falsafa inafundishwa, na siku moja huenda ukaenda. Mwaka huu usikope. Sokrates, yule mwanafalsafa Mgiriki wa kale, hakuacha kitabu hata kimoja. Alikuwa akiwauliza watu maswali sokoni Athene, mpaka wakamhukumu kunywa sumu mwaka 399 KK. Alihitaji mtu wa kumjibu. Wewe unafanya kazi hiyo hiyo peke yako, gizani, na simu haikujibu. Anza na mpishi wenu kambini. Anza na wazee wa mfongo.

Msafiri_Tengeru:
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo kwenye mizigo sikubaliani nawe. Mfongo wa babu na dumu la mgeni huwezi kuviweka kapu moja. Babu alizibua maji ya nyumbani na majirani zake. Huyu kijana anabeba maji ya mtu atakayepanda ndege wiki ijayo na maana yake mkononi, yeye anabaki na shingo. Kama kazi inaumiza na malipo ni madogo, tusimtafutie falsafa ya kumtuliza. Adai mzigo upimwe kwa haki na malipo yawe ya haki, hilo nalo ni swali la maisha.

Mwl_Mstaafu_Arusha:
Msafiri, umenipata. La shingo sikulijibu.

KijanaWaUru:
Wakuu, nimekawia kurudi, asanteni wote.

Nesi, nimesoma maneno yako mara tatu. Hapana, kufa sitaki, usingizi ndio hauji. Tumekubaliana na dada yangu kwamba kuanzia saa nne usiku simu inalala chumbani kwake. Leo ni siku ya sita.

Mama nilimkuta anamenya ndizi. Nikakaa, nikachukua kisu, tukamenya wote, ndipo nikamwomba anisomee Mhubiri. Alijifuta mikono kwenye kanga akaenda kuleta Biblia ya babu. Alipofika penye "kizazi huenda, na kizazi huja" akanyamaza muda mrefu. Akasema babu alikuwa anaipenda sana sura hii na yeye hakuwahi kumuuliza kwa nini. Hakulia. Tulimaliza ndizi.

Jumamosi kulikuwa na msaragambo wa mfongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Nilishika chepe la babu. Mpini umelika pale alipokuwa anaushika, ni mahali pa chini kuliko ninaposhika mimi, kwa hiyo mkono wangu haukukaa sawa mpaka nilipoinama kama yeye. Tulipomaliza nikayafuata maji hadi chini, Mwalimu, nikahesabu. Kaya tisa. Ya mwisho ni ya bibi mmoja mjane, amepanda magimbi pembeni ya mfereji, sikujua kabisa kwamba anatumia maji yetu. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia babu, akanikatia magimbi mawili nimpelekee mama.

Msafiri, hoja yako sijapata jibu lake, na naona bora isiachwe. Ijumaa napanda tena, Machame, siku saba. Nikishuka, na nikishalala zile siku mbili za mpishi, tuendelee hapa hapa.