Natembea peku, mke wangu anaona aibu. Naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu lakini nimekulia Seme, ambako kwetu viatu vilikuwa vya kanisani. Hadi leo nikitoka kazini navivua, naenda dukani peku. Jumapili moja nilifika hivyo hadi soko la Kibuye, mke wangu akanuna siku mbili: eti majirani watadhani nimefilisika. (Nikikaa uani kifua wazi hasemi kitu. Tofauti ni nini?)

Nikamwambia Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Akanijibu Bikila hakukanyaga matope ya Kondele, na kwamba minyoo ya safura huingilia kwenye nyayo. Hapo kwa safura amenishinda, nakubali. Lakini hata uani kwangu jamani? Mlio kwenye ndoa, mlielewana vipi?