Mbunge wa kaskazini mwa Ontario: serikali inamsikiliza au inampigia makofi tu?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Leo tutoke kidogo kwenye siasa za nyumbani twende Kanada, jimbo la Ontario. Kuna mbunge namfuatilia siku nyingi anaitwa Sol Mamakwa, mwenyeji asilia, kwao Kingfisher Lake, alichaguliwa 2018 kwa tiketi ya chama cha NDP na mpaka leo yupo upinzani. Eneo lake ni Kiiwetinoong, huko juu kabisa, kama kilomita za mraba 294,000 yaani Italia karibu nzima inaingia, ila watu ni elfu 33 hivi, na vijiji vingi gari halifiki, ni ndege tu au usubiri baridi kali maziwa yagande ndo upite na gari juu ya barafu.

Sasa tarehe 28 Mei 2024 jamaa kasimama bungeni Toronto kaongea Anishininiimowin, lugha ya kwao. Kanuni zilikuwa zinajua Kiingereza na Kifaransa basi, wakazibadilisha, ikawa mara ya kwanza lugha ya wenyeji kuongewa mle ndani ikatafsiriwa papo hapo na kuingia kwenye rekodi rasmi. Mama yake yupo anaangalia, wabunge wa pande zote makofi. Safi kabisa sina neno.

Mwaka mmoja baadae huyo huyo akatolewa nje ya ukumbi. Kosa lake alisema Waziri Mkuu wa jimbo, Doug Ford, hawaambii ukweli watu wa kaskazini kuhusu muswada namba 5, na mle ndani kumwambia mwenzako anadanganya ni mwiko. Muswada ukapita Juni 2025. Unaipa serikali nguvu ya kutangaza maeneo maalum ya kiuchumi ambako sheria za jimbo zinaweza kuwekwa pembeni ili miradi iende chap chap, na hakuna asiyejua macho yako wapi, yako Ring of Fire, ule ukanda wa kromu na nikeli kama kilomita 500 kaskazini mashariki ya mji wa Thunder Bay.

Msimamo wangu: serikali ile inampa huyu mbunge kila kisicho na gharama. Akidai chenye gharama anaambiwa nenda Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada. Jamii ya wenyeji ya Neskantaga, wapiga kura wake, wako kwenye amri ya kuchemsha maji tangu Februari 1995!! Aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima ana watoto, na bomba la kijijini kwao hajawahi kuambiwa ni salama. Karibuni.

Kijiwe Namba Tano:
Mkuu unamuonea Ford. Maji ya kwenye maeneo ya wenyeji ni kazi ya serikali kuu, katiba yao imesema hivyo, sio longolongo. Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi, ndo aliahidi 2015 kwamba ndani ya miaka mitano amri zote za muda mrefu zitakuwa zimeisha, Machi 2021 ikapita haijatimia, na Neskantaga wenyewe na wenzao wakaishtaki Ottawa, sio Toronto, wakapata yale makubaliano ya dola bilioni 8. Af huyo mbunge ni mmoja kati ya 124, tena upinzani, ulitaka wamfanyie nini? Kutolewa nje ni kanuni tu, hata bunge la kwetu ukimwita waziri muongo ukagoma kufuta kauli spika anakuonyesha mlango.

Bwana Sheria:
Kijiwe upo sahihi kwa nusu. Kwenye maji na afya ndiyo, pesa kubwa inatakiwa itoke Ottawa. Ila kuna kitu watu hawakijui kuhusu Mkataba namba 9, ule wa 1905 na 1906, ukaongezewa maeneo 1929 na 1930, uliochukua sehemu kubwa ya ardhi ya huko juu. Ile mikataba mingine yenye namba ni serikali kuu na wenyeji peke yao. Huu wa 9 Ontario nayo ilikaa mezani, ilikuwa na kamishna wake, Daniel MacMartin, akasaini. Na MacMartin aliacha shajara, ukiisoma unaona wazee waliambiwa kwa mdomo kwamba wataendelea kuwinda na kuvua popote wapendapo kama zamani, wakati karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza inasema kitu kingine, ardhi imeachwa na serikali inaweza kuikata vipande kwa madini na mbao. Kwa hiyo jimbo lilikuwepo siku ya kuchukua. Leo siku ya kudaiwa haliwezi kusema mimi simo.

Mpiga Kasia:
Hapo umegonga. Na wale samaki wa Grassy Narrows, jamii nyingine ya wenyeji, je? Kiwanda cha karatasi Dryden kilimwaga zebaki mtoni kama tani 9 kati ya 1962 na 1970, kiwanda kilikuwa chini ya usimamizi wa jimbo, Mamakwa anapiga kelele za hiyo kitu kila kikao.

Ila mimi nataka kupinga hii ya "mmoja kati ya 124 atafanya nini". Mnamkumbuka Elijah Harper, mbunge mwenyeji asilia wa jimbo la Manitoba? Juni 1990, mkataba wa Meech Lake, wakubwa wote wa nchi wameshakubaliana kubadili katiba, wenyeji hawakushirikishwa. Bunge la Manitoba likahitaji idhini ya wabunge wote ili kuruka hatua ya kutoa notisi na mikutano ya wananchi kwa sababu mwisho ulikuwa tarehe 23, Harper kakaa na unyoya wa tai mkononi, akiulizwa anasema hapana. Siku baada ya siku hapana. Muda ukaisha, mkataba ukafa. Mtu mmoja!

Kijiwe Namba Tano:
Hapo Harper alishika kanuni inayotaka wote wakubali. Kwenye muswada wa kawaida unapiga kura unashindwa unaenda kunywa chai. Na hata yeye alizuia tu, hakuna bomba lililojengwa kwa ile hapana yake.

Dada wa Thunder Bay:
Samahani kaka zangu, mie naishi huku, nimetoka Kongo, ngoja niseme ninayoyaona. Watoto wa vijijini wanakuja hapa mjini kusoma sekondari kwa sababu kwao haipo, wanakaa kwa watu wasiowajua wakiwa na miaka 14. Saba walikufa hapa kati ya 2000 na 2011, uchunguzi ukafanyika, mapendekezo 145 yakatoka 2016. Elimu ya hao watoto kwa makaratasi ni ya Ottawa, polisi na mji ni wa huku, sasa mzazi aende mlango gani? Mwishoni mwa 2020 hao Neskantaga walihamishwa karibu kijiji kizima wakawekwa hotelini hapa, maji yalikuwa yameharibika kabisa.

Na nyie wote mmesifia lugha mkasahau aliuliza nini siku ile. Aliomba nyumba ya kutunzia wazee ijengwe mji wa Sioux Lookout, maana vitanda vichache na wazee wanapelekwa mbali na watu wao, unazeekea mahali hakuna anayekuelewa ukiomba maji ya kunywa. Hiyo ni kazi ya jimbo jamani, haina Ottawa ndani yake.

Kijiwe Namba Tano:
Pole dada, hiyo ya wazee nakubali. Ila barabara? Baridi siku hizi haikazi, Februari 2024 machifu wa Nishnawbe Aski, umoja wa jamii za wenyeji wa huko, walitangaza hali ya dharura barafu haibebi malori, mafuta na vyakula vinaenda kwa ndege bei juu. Ford anataka kujenga barabara ya kudumu mnamwita adui.

Mleta mada:
Huyo huyo Ford Juni 2025 alisema wenyeji hawawezi kuwa wanakuja kila siku kuomba omba serikalini, kesho yake akawaomba radhi machifu. Tuyaache hayo.

Barabara mie siipingi na wala wenyeji hawana sauti moja, jamii za Webequie na Marten Falls wenyewe ndo wanasimamia tathmini za barabara zao, wanazitaka. Neskantaga wamesema hakuna atakayevuka mto Attawapiskat bila ridhaa yao. Sasa Kijiwe, wewe ndo waziri, meza imejaa, Neskantaga wanaendelea kukataa: unatangaza eneo maalum juu ya vichwa vyao au unasubiri? Nijibu hilo kwanza, na usiniambie utaunda kamati.