California: mwenye leseni ya miaka 16 anaweza kumbeba mdogo wake?

Mama Wawili: Habari zenu ndugu zangu. Binti wa miaka 16 ndiyo kwanza kapata leseni ya muda. Mdogo wake ana miaka 12. Anaruhusiwa kumpeleka shule wakiwa wawili tu?

Mkufunzi: Dada, bila barua, hapana. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Miezi 12 ya mwanzo habebi abiria wa chini ya miaka 20, hata awe ndugu wa damu, isipokuwa kando yake kuna mwenye leseni aliyefikisha miaka 25. Kama kweli hakuna usafiri mwingine wa kutosha, andika barua uisaini: sababu ya safari, na tarehe hitaji litakapokwisha. Tarehe ndiyo husahaulika! Barua ikae garini.

Baba Zuhura: Na saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri asiendeshe peke yake. Akitoka kazini usiku, awe na barua ya mwajiri. Akiendesha, simu asitumie mpaka afike 18, hata ya spika, isipokuwa kupiga ya dharura.

Mkufunzi: Wenye watoto wa miaka 15 na nusu: kibali cha kujifunzia hakifanyi kazi mpaka mwalimu wa udereva akisaini kwenye somo la kwanza barabarani. Kisha miezi 6, saa 6 na mwalimu, saa 50 na mzazi, 10 kati yake usiku. Hizo za usiku msizirundike mwishoni. Lami iliyolowa, taa za gari linalokuja, mtu mwenye nguo nyeusi anavuka: avizoee ukiwa umekaa kando yake.

Mama Wawili: Nimeelewa, asanteni sana. Barua naiandika leo.