Kura zaidi ya 329,000 zimehesabiwa kama moja: Phish watemwa Rock and Roll Hall of Fame

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, majina ya wanaoingizwa 2025 kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ule Ukumbi wa heshima wa muziki wa rock huko Marekani, yametangazwa Aprili 27 kwenye kipindi cha TV cha American Idol. Bad Company ndani. Chubby Checker, Joe Cocker, Cyndi Lauper, Outkast, Soundgarden na The White Stripes, wote ndani. Phish, bendi ya rock ya Marekani na vinara wa kura ya mashabiki, nje!

Sina ugomvi na Outkast, na Soundgarden walikuwa wanaidai heshima hii siku nyingi. Ugomvi wangu ni na hilo changa la macho linaloitwa kura ya mashabiki. Kuanzia Februari 12 hadi Aprili 21 tovuti yao inakuwekea ubao wa matokeo, namba zinapanda, unaambiwa urudi kesho upige tena. Phish wanamaliza na kura zaidi ya 329,000, na Bad Company wa pili wako nyuma kwa makumi ya maelfu. Kisha zote zinakunjwa zinakuwa karatasi moja ya kura. Moja! Inatumbukizwa pamoja na karatasi zaidi ya 1,200 za wapiga kura wenyewe, yaani wasanii walio hai ambao walishaingizwa, wanahistoria wa muziki na watu wa tasnia. Piga hesabu: moja kwa 1,200 haifiki hata sehemu ya kumi ya asilimia moja. Mwandishi mmoja anayejaza fomu yake huku anakunywa chai ana uzito sawa na mashabiki wa dunia nzima.

Danganya toto hii ilianza na kundi la 2013. Rush wakaongoza, wakaingia. Wakafuata Kiss, Stevie Ray Vaughan, Chicago, Journey, Bon Jovi na Def Leppard, kila kinara anaingia, watu wakaamini kura yao ina nguvu. Nguvu gani? Ilitokea tu kwamba mashabiki na wapiga kura wakubwa walikuwa wanapenda majina yaleyale. Ilipofika 2020 wakatofautiana: Dave Matthews Band wakapata kura zaidi ya milioni moja, wakaachwa mlangoni hadi 2024. Phish ni kinara wa pili kufanyiwa hivyo.

Na sisi Waafrika tusijifanye hatuyajui haya. Mwaka 2021 Wanigeria walijipanga nyuma ya Fela Kuti, akamaliza wa pili nyuma ya Tina Turner. Orodha ilipotoka, jina la Fela halikuwamo.

Linalonichefua kuliko yote ni la 2010. Bendi ya Genesis walipokuwa wanaingizwa, Ukumbi huohuo uliwaita nani? Trey Anastasio, mpiga gitaa wa Phish, ndiye aliyesimama kutoa hotuba, na Phish ndio waliopiga nyimbo za Genesis jukwaani. Kuwapigia wengine kwenye sherehe wanafaa. Kukaa mezani, hawafai.

#2

Mkuu punguza jazba. Phish hawana hiti. Muulize mtu yeyote mtaani akutajie wimbo wao mmoja, atakukodolea macho. Sasa mpiga kura ataweka alama kwa kitu gani?

#3

#2 umesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo kiini cha tatizo.

Kanuni ya kustahili ni moja tu: miaka 25 tangu kazi ya kwanza itoke. Hakuna kipengele cha chati wala cha redio. Phish walianza Vermont mwaka 1983, na kufikia 2025 walikuwa wamestahili kwa zaidi ya miaka kumi bila kuteuliwa hata mara moja. Wanaoteua ni kamati ndogo, na mwaka 2025 walitoa majina 14. Mtu akipewa majina 14 hasikilizi diskografia 14, anatia alama kwa anaowajua. Hapo ndipo bendi isiyo na hiti inapoumia, kwa sababu Chubby Checker anajulikana hata na asiyemiliki santuri.

La pili ni kwamba hata mpiga kura mwenye nia njema atakosea pa kuanzia. Atafungua albamu ya studio, asikie nyimbo za dakika nne tano zilizobanwa, aseme ni kawaida tu. Phish ni bendi ya jukwaani. Wimbo kwao ni mlango: wanauingia, wanauacha, gitaa la Trey na besi ya Mike Gordon vinatafutana, Jon Fishman anabadilisha mwendo wa ngoma, Page McConnell anahama kutoka piano kwenda kinanda kingine, na hakuna aliyepanga watatokea wapi. Sikiliza "Tweezer" iliyo kwenye *A Live One* ya 1995, inakaribia dakika 31. Na si bahati kwamba hiyo laivu ndiyo iliyowapa cheti chao cha kwanza cha dhahabu cha mauzo, si albamu ya studio.

Mkitaka ushahidi wa uzito wao, kuna mfululizo wa maonyesho ulioitwa Baker's Dozen wa 2017. Usiku 13 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kuanzia Julai 21 hadi Agosti 6, nyimbo 237, na hakuna uliorudiwa. Nitajieni aliyeingizwa 2025 anayeweza hata nusu yake. Kuna pia tamasha lao la Big Cypress, Florida, mkesha wa kuingia 2000: seti moja kutoka usiku wa manane hadi jua linachomoza, mbele ya watu wapatao 80,000. Na mwaka 1995 walizunguka na ubao wa sataranji jukwaani, bendi ikicheza dhidi ya ukumbi mzima, hatua moja moja kila onyesho. (Hili halihusiani na kura, ila lina raha yake.)

Sasa mwanzisha uzi, na wewe nikurekebishe. Kura 329,000 si watu 329,000. Sheria inaruhusu kupiga kila siku, na kutoka Februari 12 hadi Aprili 21 ni siku 69. Watu wasiofika 5,000 wakipiga bila kukosa wanaifikisha namba hiyo. Mashabiki wa Phish ni watu wa kuweka kumbukumbu ya kila seti iliyopigwa tangu miaka ya themanini. Kubonyeza kila asubuhi kwao ni kazi ndogo.

#1

#3 nakubali hesabu yako. Lakini basi kosa ni la nani? Waliotunga kura ya kila siku ni wao, si sisi. Wangetaka kujua idadi ya watu wangeweka mtu mmoja kura moja, biashara ikaisha. Wanataka urudi kwenye tovuti kila siku, halafu wanakudharau kwa kurudi.

#4

Nyote mnapoteza nguvu kwenye ubao wa matokeo. Acheni kubonyeza, angalieni fomu 1,200 ziko mikononi mwa nani.

Kila msanii aliyeingizwa na yu hai ana kura. Neil Young aliingizwa 1995, na alipanda jukwaani na Phish kwenye tamasha la Farm Aid la 1998. Bruce Springsteen aliingizwa 1999, alipiga nao kwenye tamasha la Bonnaroo 2009. Jay-Z aliingizwa 2021, na 2004 alitokea kwenye onyesho lao Brooklyn. Watu wa aina hiyo wakiisemea bendi hadharani kabla fomu hazijarudishwa, ni zaidi ya kubonyeza siku 69.

Halafu fahamuni kwamba uteuzi wa 2025 umeshakufa. Hakuna kiporo, kamati inaanza upya kila mwaka na Phish wanaweza wasionekane tena kwa miaka kadhaa. Bendi ya Judas Priest waliteuliwa kwa ajili ya 2018, 2020 na 2022, kura hazikutosha mara zote tatu, ndipo 2022 wakapitishwa kwa tuzo ya Musical Excellence, ambayo haipigiwi kura na wale 1,200. Bendi ya Chic waliteuliwa mara 11, mwisho akachukuliwa mpiga gitaa wao Nile Rodgers peke yake 2017, kwa tuzo hiyohiyo. Kwa hiyo kuna mlango wa uani, ila wakati mwingine unapitisha mtu mmoja na kuiacha bendi nje.

#2

Kwa hiyo wanaweza kumchukua Trey peke yake?

#4

Wanaweza. Na wakifanya hivyo, uzi utakaofunguliwa hapa utakuwa na matusi.

#1

Fishman abaki nje na lile gauni lake la jukwaani? Wathubutu.