Shotigani za Uturuki zenye majina ya Marekani: tununue au tuziache?

Wakuu, kwetu tunaowinda huku Marekani ubishi huu hauishi. Mtu anaingia dukani, anakuta bunduki ya marisawa yenye jina la Mossberg au Weatherby, bei imeshuka vizuri, kisha anaugeuza mtutu na kusoma kwamba imetengenezwa Uturuki. Kuna wanaosema hiyo ni takataka iliyobandikwa jina. Kuna wanaosema kampuni kubwa haiwezi kujiaibisha, kwa hiyo lipa uondoke. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Neno takataka ni dharau kwa watu wanaoijua kazi yao. Huğlu, mji mdogo mkoani Konya, umekuwa wa mafundi bunduki kwa zaidi ya miaka 100, na ushirika wao uliundwa 1962. CZ-USA, tawi la Marekani la kampuni ya bunduki ya Kicheki, iliuza bunduki zao za mitutu miwili kwa miaka mingi, na wawindaji wa kware bado wanazisaka zilizotumika. Stoeger M3000 nayo inatoka Uturuki, chini ya kundi la Beretta la Italia, na inatumia mfumo ule wa Benelli, wa kujipakia kwa nguvu ya mrudisho wa bunduki. Ufundi upo. Kinachotofautiana ni oda: mwenye jina, yaani kampuni ya Marekani, ameagiza chuma cha daraja gani, na amelipia ukaguzi kiasi gani kabla mzigo haujapakiwa. Mossberg SA-20 na TriStar Viper G2 zote ni kazi ya Armsan, kiwanda cha Uturuki, lakini usidhani kwa hilo tu kwamba ni bunduki moja.

Sasa nyinyi mnaolitegemea jina. Kumbukeni kampuni ya bunduki ya Marekani, Smith & Wesson. Mwaka 2007 walileta shotigani za Uturuki, na zile za mitutu miwili wakazipa dhamana ya kumlinda mnunuzi pamoja na mrithi wake. Baada ya miaka michache tu wakaachana na biashara hiyo. Bunduki zimebaki mikononi mwa watu, na vipuri vyake ni vya kusakwa. Kwa hiyo mimi, kabla ya kuuliza nchi, nauliza nani ana springi na pini ya kufyatulia kwenye rafu yake hapa hapa, na kama ataendelea kuwa nazo mwenye jina akibadilisha kiwanda. Ya mitutu miwili ningenunua bila wasiwasi mkubwa, maana haina vitu vingi vya kuharibika. Inayojipakia yenyewe, ya kuwindia bata kwenye tope na baridi, sitoi hela kabla sijapata jibu la vipuri.

Kinachoniudhi zaidi ni matangazo. Sheria ya Marekani inataka bunduki iliyoagizwa kutoka nje ichorwe jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka na mwagizaji. Basi kama jina la kiwanda lipo kwenye chuma, kwa nini tangazo linyamaze? Mnunuzi anayelipia jina ana haki ya kujua tofauti ya bei kati ya bunduki hiyo na ile ambayo kiwanda kinauza kwa jina lake chenyewe inalipia nini.

Wenye shotigani hizi zilizokwisha kupiga risasi nyingi, semeni: ilipoharibika mlimpelekea nani, na kipuri kilitoka wapi?